Mfalme Aliyelazwa Meza ya Nne

Tupokigwe: Haloo? Haloo! Nani huko? Hii simu ya dukani kwa Mama Happy, Masoko. Sema unamtaka nani.

Meshaki: Nakutaka wewe.

Tupokigwe: Mimi nani?

Meshaki: Tupokigwe, usinifanye mtoto. Sauti yako naijua tangu uko kidato cha pili. Ni Mwalimu Meshaki.

Tupokigwe: Shikamoo, mwalimu.

Meshaki: Marahaba. Tumbo linaendeleaje?

Tupokigwe: Tumbo?

Meshaki: Tumbo, ndiyo! Si lilikuuma asubuhi, ukatoka ukumbini bila hata kuniaga? Limepona, au lilikuwa na haraka ya kuwahi gari la Masoko?

Tupokigwe: Ah, hilo. Limepungua. Ndaga, asante, mwalimu. Nimekunywa chai ya tangawizi.

Meshaki: Vizuri. Na hapo dukani unasubiri simu ya nani?

Tupokigwe: Ya mtu yeyote. Yaani — sisubiri. Mama Happy anampimia mtu mafuta ya taa, kaniambia nimshikie simu.

Meshaki: Nimepiga mara tatu. Mara ya pili mtu kapokea, kakohoa, kakata.

Tupokigwe: Si mimi.

Meshaki: Kikohozi cha kike.

Tupokigwe: Masoko yote inakohoa, mwalimu, na hii baridi! Sema shida yako, vocha inakwisha.

Meshaki: Vocha usiihurumie, ni yangu. Nisikilize. Nina nusu saa tu. Saa kumi na mbili kamili kamati ya mashindano inakaa hapa Tukuyu. Kuna barua mezani kwao. Barua inasema mchezo wako wa asubuhi, meza ya nne, ulipangwa.

Tupokigwe: Ulipangwaje?

Meshaki: Uliuzwa! Mechi imeuzwa, kama wanavyouza mpira. Kwa hiyo nakuuliza mimi kabla hujaulizwa na wao. Ukinijibu vizuri, kesho baada ya ibada unacheza raundi ya mwisho, na tukishinda tunapanda basi la Dar wote wanne. Ukinijibu vibaya, jina lako nalikata kwa mkono wangu, na hutagusa ubao wa sataranji popote nilipo.

Tupokigwe: Mwe! Mwalimu!

Meshaki: Usiniambie mwe. Jibu.

Tupokigwe: Sijauza kitu. Nani kaandika hiyo barua?

Meshaki: Hilo si swali lako. Karatasi ya mchezo ninayo hapa, imeandikwa kwa mwandiko wako mwenyewe. Nikusomee?

Tupokigwe: Naijua.

Meshaki: Nakusomea hivyo hivyo, maana tangu asubuhi naisoma siamini. Hatua ya kwanza: askari wa mbele ya askofu wa mfalme, nyumba moja. Moja, Tupo! Tumekaa miezi sita tunapika ufunguzi wetu, Jumamosi kwa Jumamosi, mvua inatupiga pale darasani. Askari wa mfalme nyumba mbili, kisha unamtoa kafara yule wa askofu, adui anamla, anajiona mjanja, na wewe umeshafungua njia. Gambiti ya Mfalme! Nani anaijua Rungwe hii zaidi yako? Hakuna. Na leo, siku yenyewe, ukamsogeza askari nyumba moja, kama mtu anayechungulia nje kama mvua imekatika.

Tupokigwe: Mwalimu —

Meshaki: Sijamaliza. Mzee akajibu kwa askari wa mfalme wake, nyumba mbili. Hatua ya pili ukamtoa askari wa mbele ya farasi. Nyumba mbili! Mfalme wako akabaki kama mtu yuko chooni mlango hauna komeo. Hizo hatua mbili zina jina lake, na haziitwi ufunguzi. Ni mati ya mjinga. Watoto nawaonyesha siku ya kwanza ili wasiicheze maisha yao yote. Malkia mweusi anatoka kwa mshazari, basi, kwisha habari. Nilikufundisha mimi mwenyewe! Ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Tupokigwe: Nakumbuka.

Meshaki: Kwa hiyo hukukosea.

Tupokigwe: Sikukosea.

Meshaki: Ulitaka kufungwa.

Tupokigwe: Nilitaka iishe. Mwalimu, hapa dukani kuna watu.

Meshaki: Watu gani?

Tupokigwe: Wateja. Kuna mama mmoja anachagua kiberiti muda wote huu. Kiberiti kinachaguliwa?

Meshaki: Toka nje.

Tupokigwe: Nje mvua.

Meshaki: Mtu wa Rungwe ananiambia mvua! Toka nje, Tupokigwe.

Tupokigwe: Haya. Mama Happy, natoka kidogo, mtandao hapa haushiki... Hapana, hapohapo tu kwenye migomba... [mkwaruzo] ...lo?... Haloo?

Meshaki: Uko?

Tupokigwe: Nipo chini ya mgomba. Sema upesi.

Meshaki: Wa kusema ni wewe. Ulitaka iishe. Kwa nini? Nani alikuambia iishe?

Tupokigwe: Hakuna aliyeniambia.

Meshaki: Ulicheza na nani?

Tupokigwe: Si unajua.

Meshaki: Nataka nisikie. Ulicheza na nani?

Tupokigwe: Na huyo mzee wa timu ya wastaafu.

Meshaki: Ana jina.

Tupokigwe: Yule mrefu. Afisa ushirika wa zamani, aliyesoma Bulgaria.

Meshaki: Jina lake, Tupo.

Tupokigwe: Unalijua, mwalimu.

Meshaki: Mimi nalijua. Mzee Boazi. Sasa sema na wewe. Boazi.

Tupokigwe: [kimya]

Meshaki: Haloo?

Tupokigwe: Nipo.

Meshaki: Ona! Hata jina limekukaba. Mimi nimefundisha miaka kumi na minne, najua mwanafunzi akiiba chaki halitaji neno chaki wiki nzima.

Tupokigwe: Sijaiba chaki, wala sijauza chochote. Kwanza nimefungwa, si basi? Nimefungwa hatua mbili, aibu ni yangu. Timu imepoteza pointi moja, kesho nitairudisha. Sasa kamati ya nini?

Meshaki: Umefungwa?

Tupokigwe: Si nimefungwa!

Meshaki: Usinipige changa la macho. Unataka kuniambia hujui?

Tupokigwe: Sijui nini?

Meshaki: [mkwaruzo] ...hukukaa pale, Tupo, uone mwisho wake?

Tupokigwe: Nilisogeza hatua ya pili, nikabonyeza saa, nikaondoka. Mati ilikuwa tayari. Kulikuwa na nini tena cha kusubiri?

Meshaki: Kulikuwa na dakika ishirini na mbili. Nilizihesabu. Mzee wa watu kakaa na mati iko puani kwake, mati ambayo hata mbuzi angeiona, malkia wake hamgusi. Anautazama ubao. Kiti chako kitupu hakitazami hata kidogo. Halafu akamlaza mfalme.

Tupokigwe: Wangu?

Meshaki: Wake!

Tupokigwe: Mfalme wake mwenyewe?

Meshaki: Mfalme wake mweusi, kamlaza ubaoni taratibu kama anamlaza mtoto. Akasaini kwamba kashindwa, akachukua kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Pointi ni yako, Tupo. Umeshinda!

Tupokigwe: Kwa mlango wa nyuma...

Meshaki: Tupo?

Tupokigwe: Alitoka kwa hasira?

Meshaki: Mimi nitajuaje hasira ya mzee? Alitoka. Sasa niambie mimi mtu wa Musoma nisiyejua mambo: mchezaji mmoja anajipalia makaa, mwenzake anakataa kumchoma. Kama hawajapatana hao, ni nini?

Tupokigwe: Basi amenikataa.

Meshaki: Nini?

Tupokigwe: Amenikataa mpaka ubaoni. Hata kunifunga hakutaka. Kyala, Mungu wangu, kanionea kinyaa!

Meshaki: Kinyaa cha nini? Unalia?

Tupokigwe: Silii. Ni mvua.

Meshaki: Tupokigwe, mficha uchi hazai. Alhamisi nilikuona.

Tupokigwe: Wapi?

Meshaki: Nyuma ya stendi. Saa nane mchana. Uko na Godwin, kijana wa Mzee Boazi. Mmesimama kama watu wa magendo. Akakupa mfuko. Hukuufungua, ukautia kwapani, ukaondoka unatazama chini. Nikasema, Meshaki, nyamaza, usimdhanie mtoto wa watu. Jumamosi yake nini kinatokea? Unamchezea baba yake mati ya mjinga! Ule mfuko ulikuwa na nini?

Tupokigwe: Hukupaswa kuona.

Meshaki: Lakini nimeona. Ulikuwa na nini?

Tupokigwe: Kitenge.

Meshaki: Kitenge cha kukuhonga?

Tupokigwe: Kitenge chetu! Kitenge na mchele. Mama yangu aliwapelekea nyumbani kwao, kwa heshima. Vikarudi. Godwin alikuwa ananirudishia. Hata kamba ya mfuko haikufunguliwa, mwalimu. Umeridhika sasa?

Meshaki: Vikarudi kwa nini?

Tupokigwe: Ah!

Meshaki: Mimi sielewi. Mama yako anampelekea mama yake Godwin kitenge cha nini?

Tupokigwe: Mwalimu, wewe una mke?

Meshaki: Nina mke, ndiyo. Mke anaingiaje hapa?

Tupokigwe: Kwenu Musoma mlianzaje?

Meshaki: Kumbe... wewe na Godwin?

Tupokigwe: Usiseme kwa sauti! Uko wapi?

Meshaki: Barazani kwa fundi viatu, mkabala na soko. Hasikii, anagonga misumari. Wewe na Godwin! Tangu lini?

Tupokigwe: Tangu mwaka juzi. Hayajatangazwa. Kwetu jambo halitangazwi likiwa bichi. Mshenga alikwenda mara mbili, mara zote mbili karudishwa mlangoni.

Meshaki: Na nani?

Tupokigwe: Na yeye.

Meshaki: Mzee Boazi?

Tupokigwe: Yeye.

Meshaki: Sababu?

Tupokigwe: Wewe.

Meshaki: Mimi!

Tupokigwe: Sataranji yako. Alisema mwanamke anayekaa meza moja na wanaume, anawakazia macho, anawanyang'anya wafalme, hatakuwa mkamwana wake. Kwamba mimi sina haya. Hapo alikuwa hajaniona hata sura, amesikia sifa tu. Yule msichana anayefundisha chekechea Masoko, aliyemfunga Meneja wa benki. Sifa ulizitangaza wewe, mwalimu, mpaka redioni.

Meshaki: Nilikuwa najivunia.

Tupokigwe: Najua.

Meshaki: Haya, tuseme ni kweli. Tuseme. Lakini hapo ndipo shaka yangu inapozidi. Baba mkwe hakutaki, unataka kumlainisha, unampa pointi. Hiyo pia ni kuuza mechi. Umelipwa mume badala ya pesa, basi. Siku hizi kila kitu kinauzwa, kiwanda cha chai kimeuzwa, ushirika umekufa, ukienda hospitali unaambiwa uje na sindano yako. Nilidhani angalau huu ubao wenye nyumba sitini na nne utabaki haujauzwa!

Tupokigwe: Ungekuwa umenilea Rungwe usingesema hivyo.

Meshaki: Sijakulea Rungwe, nimekufundisha Rungwe. Nieleweshe.

Tupokigwe: Mwalimu, [mkwaruzo] ...na baba wa mume hawakai...

Meshaki: Rudia, umekatika.

Tupokigwe: Nasema, mkamwana na baba wa mume hawakai meza moja! Kwetu haipo. Hamtazami usoni. Mzee akipita njiani, mkamwana anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hali chakula mbele yake, hampi kitu mkono kwa mkono, jina lake halitaji. Bibi yangu mpaka amezeeka hajawahi kumtaja baba wa babu yangu. Siku hizi wengi wa mjini wameacha, lakini yeye ni mtu wa zamani, hajaacha.

Meshaki: Jina halitaji...

Tupokigwe: Halitaji.

Meshaki: Ndiyo maana hapo mwanzo —

Tupokigwe: Ndiyo maana. Si chaki, mwalimu.

Meshaki: Lakini bado hujaolewa kwake!

Tupokigwe: Heshima unaianza siku unapoanza kutamani, si siku ya harusi. Sasa asubuhi mnachanganya kura kwenye kofia, mnasoma: meza ya nne, Tupokigwe na... yeye. Ningefanya nini? Nikikataa kucheza, ungeuliza kwa nini, na ukumbi mzima ungesikia. Nikikaa nikacheza Gambiti yako, ni mchezo wa saa tatu nzima. Saa tatu, mwalimu! Tunatazamana, mikono inapishana juu ya ubao, nakula askari wake, ananila wangu. Angekwenda kusema, mnaona? Niliwaambia hana haya. Nikatafuta mchezo mfupi kuliko yote ulionifundisha.

Meshaki: Mati ya mjinga.

Tupokigwe: Niliona afadhali niitwe mjinga.

Meshaki: Ulikaa upande.

Tupokigwe: Nilikaa upande. Nikajitanda kanga ya Doreen, mchezaji wetu wa akiba, maana yangu sikuja nayo. Nilikuwa nasogeza kete kwa kupapasa. Alijua mimi ni nani, sijui alijuaje. Jina lilisomwa, labda Godwin alishamwambia. Nilisikia tu anapumua.

Meshaki: Subiri. Subiri kidogo. Mzee Ambindwile, mwenyekiti wa kamati, aliniuliza swali la ajabu saa sita. Hakuuliza habari za kete wala ufunguzi. Aliniuliza, "Binti alikaa vipi?" Nikamwambia, upande upande, kajifunika mpaka kwenye nyusi kama mtu anayeumwa jino. Wale wazee wakatazamana. Mmoja akachekea kifuani. Nikasema moyoni, hawa nao wamo!

Tupokigwe: Walielewa.

Meshaki: Wote?

Tupokigwe: Ukumbi mzima labda. Umebaki wewe.

Meshaki: Lakini hilo la yeye kulaza mfalme wamelielewaje?

Tupokigwe: Hilo hata mimi silielewi. Kama ananichukia, angenifunga akaenda zake. Mwalimu, nani kaandika barua? Ni wastaafu?

Meshaki: Wastaafu hawajasema neno.

Tupokigwe: Timu ya Kyela?

Meshaki: Kyela wamekwenda kula samaki.

Tupokigwe: Basi nani?

Meshaki: [mkwaruzo]

Tupokigwe: Mwalimu, huo mkwaruzo unaufanya kwa mdomo.

Meshaki: Ni mimi.

Tupokigwe: Wewe!

Meshaki: Niliandika saa saba. Nilisema tujishtaki wenyewe kabla hatujashtakiwa. Nilikuwa na uchungu, Tupo. Nilikuona umeuza kitu nilichokupa bure.

Tupokigwe: Umeandika nini humo?

Meshaki: Kwamba uchunguzwe wewe na... na yeye. Kwamba mlikutana kwa siri kupitia kijana wake. Na mfuko nimeutaja.

Tupokigwe: Mfuko!

Meshaki: Na nafasi yako ya kesho nimeweka jina la Doreen.

Tupokigwe: Kwa hiyo simu yote hii unaniuliza kitu ambacho umeshahukumu.

Meshaki: Nilitaka unikanushe.

Tupokigwe: Barua ikisomwa mbele ya watu, kwamba amehonga au amehongwa, na Godwin ametajwa, na mfuko... Mwalimu, mimi nimekwisha. Hapo hata angekuwa na huruma chembe, itakuwa imezimika. Nani atamwoa msichana aliyemfikisha baba mkwe mbele ya kamati?

Meshaki: Sikujua!

Tupokigwe: Hukuuliza!

Meshaki: Sikuuliza. Kweli.

Tupokigwe: Huko ni saa ngapi?

Meshaki: Kumi na moja na dakika arobaini. Lakini Tupo, kuna kitu kingine. Ninayo karatasi yake.

Tupokigwe: Ya nani?

Meshaki: Ya mzee. Kila mchezaji anaandika yake, na mwamuzi alinipa zote mbili. Chini ya saini ameandika maneno. Hii ndiyo niliyoiweka kama ushahidi wangu mkubwa. Nilikuwa nakuwekea mwisho.

Tupokigwe: Maneno gani?

Meshaki: Niliposoma nilisema, huyu anatafuta njia ya kutoroka, anaogopa mkikutanishwa tena mtajichanganya.

Tupokigwe: Mwalimu, maneno gani?

Meshaki: Anasema hivi. "Kwa kamati. Huyu hakai meza moja na mimi, wala mimi na yeye. Ushindi ni wake. Naomba msituweke tena pamoja. Ni heshima."

Tupokigwe: [kimya]

Meshaki: Haloo? Tupo? Umekatika?

Tupokigwe: Nipo. Soma tena.

Meshaki: "Huyu hakai meza moja na mimi, wala mimi na yeye."

Tupokigwe: Kaandika hivyo? "Wala mimi na yeye"?

Meshaki: Kwa wino. Mwandiko wa afisa, herufi zimelala upande mmoja.

Tupokigwe: Na mwisho?

Meshaki: "Ni heshima."

Tupokigwe: Mwe! Mwe, mwe, mwe!

Meshaki: Nini? Kuna nini? Unacheka au unalia?

Tupokigwe: Vyote! Mwalimu, hujaona? Mwanamke wa mtu baki angekaa naye tu. Mama Happy anakaa naye, anampimia sukari, wanataniana. Doreen angekaa naye mpaka jioni. Mzee hamkimbii mtu baki!

Meshaki: Anamkimbia...

Tupokigwe: Anamkimbia mkamwana wake!

Meshaki: Mungu wangu.

Tupokigwe: Dakika ishirini na mbili alikuwa anafikiria hilo. Akinifunga, tumecheza, tumekaa meza moja, mimi ni msichana tu kama wengine. Akaona afadhali amlaze mfalme wake. Ameandika kwenye karatasi ya kamati, kwa mkono wake, na saini juu. Yule aliyerudisha kitenge cha mama!

Meshaki: Na mimi nimeandika barua kwamba karatasi hiyo ni ushahidi wa rushwa.

Tupokigwe: Iko wapi hiyo barua?

Meshaki: Juu ya faili la kamati, kwenye meza ya mwenyekiti. Wanafungua saa kumi na mbili.

Tupokigwe: Kwa hiyo bado uko kwa fundi viatu unafanya nini?

Meshaki: Kiatu changu kimoja kiko kwa fundi —

Tupokigwe: Mwalimu!

Meshaki: Naenda, naenda! Fundi, nitarudi. Hapana, acha hicho, nitarudi!... Nimetoka. Lo, mvua hii.

Tupokigwe: Kimbia.

Meshaki: Nakimbia na kiatu kimoja, Tupo, mwalimu wa hesabu mzima!... [anahema] ...Watu wananitazama.

Tupokigwe: Wakutazame. Umefika wapi?

Meshaki: Sokoni, kwenye ndizi... Samahani, mama!... Nikifika nawaambia nini?

Tupokigwe: Usiwaambie kitu. Mwambie mzee Ambindwile unaomba barua yako. Hatakuuliza. Halafu ichane.

Meshaki: Na Doreen?

Tupokigwe: Doreen mtoe. Kesho nacheza mimi. Ila mwambie mwamuzi, wastaafu wakiwa upande wa madirisha, mimi niwekwe upande wa mlango, nitazame ukutani. Na nakufungulia kwa Gambiti ya Mfalme, mpaka Kyela wasahau samaki.

Meshaki: Tupo, unisamehe.

Tupokigwe: Lete barua kwanza.

Meshaki: [anahema] ...Mlima huu... Naona ukumbi. Taa wameshawasha. Simu inalia tii-tii, vocha inakwisha.

Tupokigwe: Mwalimu, hiyo karatasi yake iko wapi?

Meshaki: Kifuani, ndani ya shati. Haijalowa.

Tupokigwe: Usiitie kwenye faili. Kesho niletee, nimpelekee mama.

Meshaki: Nitakuletea. Niko kwenye ngazi. Mzee Ambindwile ananitazama miguu... Shikamoo, mzee!... Anacheka. Tupo, amelishika faili mkononi, hajalifungua. Ananinyooshea barua yangu! Imefungwa bado, hata gundi haijaguswa!

Tupokigwe: Ndaga fijo, mwambie ndaga fijo!

Meshaki: Ndaga, mzee, ndaga... Ninayo, Tupo. Ninayo mkononi. Tayari nimeichana.

Tupokigwe: Basi itoe ile nyingine. Nisomee mara moja ya mwisho, kabla simu haijakatika.

Meshaki: Sasa hivi? Hapa kwenye ngazi?

Tupokigwe: Hapo hapo.

Meshaki: Haya. "Kwa kamati. Huyu hakai meza moja na mimi, wala mimi na —"

[Simu imekatika.]